Pipa la Bibi

Leo nimepita Kikatiti, kwa wachomeleaji wa mageti, na harufu ya bati linaloungua ikanisimamisha.

Baba yangu alikuwa fundi wa bodi za magari. Mfanyabiashara mmoja alimletea gari la mbio, jekundu, lisilo na paa, lililokaa miaka mingi kwenye ghala la shamba la kahawa. Baba aligonga chini ya mlango kwa nyundo, na nyundo ikazama. Kutu tupu.

"Ziba matundu kwa pati, fundi, tupake rangi," mfanyabiashara akasema.

"Hili halina paa, bosi. Sakafu ndiyo mgongo wake."

Maduka ya mjini yalishaanza kujaa mabati mapya, lakini baba aliyakunja kwa vidole, akayaona mepesi mno, akayarudisha. Akaenda kumwomba mama yake pipa lake la chuma la kupikia mbege, pombe ya ndizi, alikunjue liwe sakafu. Bibi aliligonga kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza, akampa.

Kwanza baba alichomelea vyuma kati ya nguzo za milango, gari lisijikunje. Ndipo akaikata sakafu yote. Nilichungulia, binti wa darasa la pili. Gari lilibaki limesimama, na chini yake nikaona majani.

Lilipokamilika, bibi alipanda na kitenge chake cha kanisani. Baba akafunga mlango kwa kidole kimoja, ukaitika. Bibi akainama, akagonga sakafu kwa kifundo kilekile.

"Ni lenyewe," akasema.

Akagonga tena, ili na mimi nisikie.