Ngao kwenye Koti la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alitaka nimpelekee koti lake kwa mkono wangu mwenyewe, nami sikwenda. Sitafuti pa kujificha, kosa ni langu.

Mimi ni fundi cherehani, Mbugani. Vijana wa bodaboda huniletea majaketi niwashonee nembo za kipolisi, zile za mapambo: nyota, pingu, kichwa cha mbwa mkali. Nyingi zina maandishi ya nchi ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Nyingine nadarizi mwenyewe.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Ngonga na koti jeusi la mzee. Mzee alikuwa anaumwa, miguu imevimba, hatoki nje. Ujanani aliomba upolisi akakataliwa kwa ufupi wake, akabaki na mpunga. Sasa alitaka nembo moja tu ya ngao, ya pambo. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikaidarizi kwa uzi wa dhahabu, nikaishona kifuani.

Koti likarudi. "Anasema siyo hapo," mama mkwe aliniambia. Nikaihamishia begani. Likarudi tena. Nikakasirika, maana kazi yangu hairudishwi. Na kumuuliza mwenyewe haikuwezekana. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Nikimwona mbali njiani, naingia kwenye mpunga mpaka apite. Miaka kumi na minne ya ndoa, hata mwaka ule mume wangu alipougua nikamuuguza, sikuwahi kumtazama usoni. Wengi wameshaacha, kanisani wanapeana mikono na wakwe zao. Mimi nililelewa na bibi, na bibi hakuacha kitu.

Safari hiyo ya tatu mama mkwe alisema, "Mwanangu, mwenyewe anataka uje nalo. Akilivaa utaona pa kuiweka. Anasema hayo ya kuogopana ameyafuta, hana siku nyingi."

"Siwezi, mama. Ni mwiko."

Ningeweza. Nilisema mwiko kwa sababu nilikuwa na hasira ya kurudishiwa kazi mara mbili. Mila ilinifaa siku hiyo, nikajifunika nayo gubigubi. Nikairudisha ngao kifuani, nikamkabidhi koti. "Ndaga," alishukuru, akaondoka bila kumaliza chai.

Safari hiyo koti halikurudi. Wiki ya pili tukaitwa msibani kwa mzee, tukakuta wamemvika lile koti. Kwenye foleni ya kuaga nilipita nimeinamisha kichwa, kama nilivyozoea. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando ya jeneza, akanishika mkono.

"Mtazame," alisema. "Ngao ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Alikuwa anatafuta namna ya kukuita, akushukuru kwa ulivyomuuguza mwanawe mwaka ule. Aliniambia mwishoni, aliona aibu kunituma hilo."

Nikamtazama. Alikuwa na pua ya mume wangu, na kidevu cha binti yangu mdogo. Watu wa nyuma wakaanza kunisukuma taratibu, nami sikusogea.