Pua ya Naftali

Naftali, mdogo wangu niliyemwachia ziwa, alikuwa na pua. Sisemi pua ya kupendeza; hiyo ilikuwa nene kama ya baba yetu. Nasema pua ya kazi. Ukimletea asali kwenye kijiko, hakuilamba kwanza. Aliinusa amefumba macho, kisha anakwambia nyuki walikula maua gani, na kama aliyeirina aliiunguza kwa moshi mwingi. Wanunuzi kutoka Singida mjini walikuwa wanasimama hapa Mkiwa na kumwomba anuse madumu hata yasiyo yake. Nilijivunia jambo hilo, na bado najivunia.

Mwaka ule wa ukame, tawi la myombo lilikatika naye juu. Hakufa, lakini mgongo ulibaki na mambo yake. Hospitali walimpa dawa, zikamchoma tumbo, akaziacha. Tangu hapo hakulala chali tena. Alilala ameketi, ameegemea gunia la alizeti, na kulala kwenyewe kulikuwa kusinzia na kuguna. Mtu asiyelala huanza kuchukia hata jogoo. Alichokitaka Naftali duniani kilikuwa kimoja: apate usingizi, mgongo utulie, apande tena kwenye mizinga yake.

Bangi aliletewa na Mazengo, mwenzake wa kurina. Siku hiyo naikumbuka kwa sababu nilitoka na mchi.

“Dada Damari, shikamoo kwanza, ndipo unipige!” Mazengo akasema, anarudi kinyumenyume.

“Marahaba. Sasa simama nikupige.”

Nilishindwa. Naftali alivuta, akalala mpaka kukapambazuka. Alipoamka alisema bangi ile inanukia embe lililoiva sana. Mzigo wa pili, ambao Mazengo aliutoa kwingine, ulinuka ganda la ndimu. Huo ulimkimbiza moyo. Alijifungia ndani mchana kutwa, anasema nyuki wamejaa darini wanamtaja jina. Nilimpa punje za pilipili manga atafune, maana nilishasikia watu wakisema inasaidia, nikakaa mlangoni mpaka ikampungua. Kama ni pilipili au ni muda tu uliopita, sijui.

Basi akajitungia sheria. Ya embe inalaza, ya ndimu inatisha. “Ni kama asali, dada. Pua inakwambia kila kitu.”

Binti yake, Eliana, anafanya kazi kwenye duka la dawa mjini. Alipokuja kumsalimia baba yake alivuta hewa, akakaa bila kutua mkoba.

“Baba, unavuta bangi.”

“Natumia dawa.”

“Dawa gani inayotaka kiberiti?”

Nilicheka. Naftali akanikata jicho.

Eliana hakumgombeza. Alimweleza taratibu kwamba harufu ile ni mafuta mepesi yaliyomo ndani ya mmea, yanaitwa terpini. Kwenye ganda la ndimu yamo, kwenye pilipili manga yamo, kwenye embe yamo, na bangi inayabeba mengi kwa pamoja, kila aina na mchanganyiko wake. Wapo wataalamu wanaodhani mafuta hayo ndiyo yanayofanya bangi moja imtulize mtu na nyingine imtie hofu. Bado wanabishana.

“Si ndicho ninachosema?” Naftali akadakia.

“Sicho, baba. Kile chenyewe kinacholevya hakina harufu. Pua yako inaweza kukwambia ni aina gani, lakini ukali wake haikwambii. Na hayo mafuta yanaruka. Jua likiyapiga, joto likiyapata, yanakwenda zake. Itupe, baba, kabla polisi hawajaja au kichwa hakijaharibika.”

Katika maneno yote hayo, Naftali alishika moja tu: mafuta yanaruka. Eliana alipopanda basi, baba yake alifanya jambo ambalo mrina asali peke yake angelifanya. Alitafuta mzinga wa gogo wa zamani, mtupu. Mzinga mtupu huku kwetu husuguliwa nta ndani, tena na tena, ili kundi la nyuki lipende kuingia. Nta ikishazama kwenye mti, haitoki. Humo akaingiza bangi zote mbili, hata ya ndimu aliyoona uchungu kuitupa, kila moja kwenye kipande chake cha kanga moja iliyochakaa, akaziba pande zote kwa nta ya moto, akaupandisha darini juu ya jiko.

“Utazijuaje?” nikamuuliza.

“Nina pua.”

Msimu wa kurina ulipofika aliushusha akauzibua. Nilikuwa nachambua mlenda. Alinusa kifurushi cha kwanza, akanusa cha pili, akarudia cha kwanza. Nikamwona uso unamlegea.

“Kuna nini?”

“Nta,” akasema. “Vyote nta.”

“Basi tupa.”

“Leo napanda, dada. Sijapanda tangu nianguke.”

Akavisokomeza vyote viwili mfukoni, akaondoka na Mazengo. Mgongo wake ulikuwa umepinda kama jembe lililokaa vibaya kwenye mpini.

Yaliyofuata nayajua kwa kinywa cha Mazengo. Chini ya mti Naftali alivuta msokoto mmoja, akasema hauna kitu, harufu imeruka na nguvu imeruka nayo. Akaongeza mwingine, na mwingine tena. Kisha mgongo ukamwachia, akapanda vizuri kama zamani, Mazengo anampigia vigelegele vya utani kama mwanamke. Kabla hajaugusa mzinga akasimama.

“Wananitaja,” akasema.

“Naftali, hajatoka nyuki hata mmoja! Shika kamba!”

Alikuwa tayari anaifungua kiunoni, ili awakimbie.

Walimleta kwa mkokoteni wa ng’ombe. Eliana alifika kesho yake, na hakusema “nilisema.” Alivitoa vile vipande vya kanga kwenye nguo za baba yake, akanusa kimoja kimoja.

“Shangazi, ilikuwa ipi?”

Nilinusa na mimi. Nta tupu. Tukavitupa chooni, vyote.

Wanaume walipomaliza kumwosha walituita ndani. Naftali alikuwa amelazwa chali kwenye mkeka, amenyooka. Nikapiga magoti, na mikono yangu ikaanza kulitafuta gunia la alizeti nimwegemeze.