Ringi Yake, Mpira Wangu

Mama Tanuri alipewa jina hilo kwa sababu ya kazi yake ya kuoka mikate, ingawa majirani walisema hata asingewahi kushika unga lingemkaa vilevile, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuwaka.

Ndoa yake na dereva wa malori ilipovunjika, yeye alibaki na nyumba. Mume akaondoka na gari lao dogo, bovu, likivutwa kwa kamba. Tairi la akiba likasahaulika stoo, nyuma ya magunia. Mama Tanuri hakulificha; hakuna tu aliyelikumbuka.

Miaka ikapita. Akanunua gari la kusambazia mikate, la kampuni ileile ya gari lao la zamani ila la toleo jipya zaidi. Lilikuwa zima kila mahali, isipokuwa kwenye buti palikuwa na shimo tupu pale lilipopaswa kukaa tairi la akiba. Ndipo akalikumbuka lile la stoo, akalipeleka gereji. Fundi akalijaribisha: matundu ya nati yakalingana, ringi ikakaa barabara. Ila mpira ulikuwa umezeeka, umepasukapasuka pembeni kama kisigino kikavu. Akashauri ringi ibaki, mpira ubadilishwe. Mama Tanuri akafanya hivyo, akarudi nyumbani anacheka peke yake, jambo ambalo si kawaida yake.

Habari zikamfikia mtalaka wake kupitia kwa binti yao, aliyezitaja kwa nia njema kabisa, akidhani ni kichekesho tu.

Asubuhi iliyofuata mwanamume akasimama mlangoni pa chumba cha kuokea. Hakusalimia. Alisema walikubaliana gari ni lake na kila kilichomo. Mama Tanuri akamjibu kwamba gari lenyewe alishawauzia watu wa vyuma chakavu, sasa ringi anaitakia nini, kuvaa shingoni?

“Ringi ni yangu,” mwanamume akasema. “Nikitaka nitaitupa.”

“Na mpira ni wangu. Chukua chako, changu ukiache.”

Alidhani amemweza. Mwanamume akatoka, akarudi na vyuma vyake vya kufungulia matairi, vilevile vya enzi za malori. Akalitoa tairi kwenye buti, akalipunguza upepo, akalilaza sakafuni katikati ya trei za mikate, akaanza kazi. Mpira ulikuwa mpya, mgumu, ukagoma. Kila akiukandamiza upande huu, upande wa pili unainuka.

Bila kufikiri, Mama Tanuri akasogea, akaukanyaga ukingo kwa mguu wake, kama alivyokuwa akimfanyia kandokando ya barabara walipokuwa vijana, wakisafiri pamoja kwenye lori. Mpira ukalegea. Wote wawili wakautazama ule mguu.

“Toa mguu,” akasema mwanamume, kwa sauti ya chini.

Akautoa. Maneno hayo mawili yalimchoma kuliko yote aliyotupiwa siku ya talaka. Mwanamume akahangaika peke yake, jasho likimtiririka, mpaka akaitoa ringi. Akaibeba begani, akaondoka bila kugeuka.

Siku chache baadaye gari likapata pancha kwenye mlima, likiwa na mikate ya hospitali. Mama Tanuri akaliacha pembeni, akajitwika trei moja, akaanza kupanda kuelekea hospitali. Alikuwa hajafika mbali pikipiki ya kukodi ikampita. Nyuma yake amepakiwa mtalaka wake. Macho yao yakakutana. Mwanamume hakumwambia dereva asimame, na yeye hakuita. Akapanda na kushuka mlima mpaka trei zikaisha, shingo ikiwaka moto. Mikate ilifika imepoa, lakini hakuna aliyethubutu kumlalamikia.

Kesho yake akapata ringi nyingine kwa wauza vyuma chakavu, ya rangi tofauti, akaivisha ule mpira.

Binti alipokuja alimweleza kwamba ile ringi baba ameiegemeza tu ukutani, haina kazi, na kwamba wote wawili wanamtia aibu. Mama akamwambia asilete tena habari za nyumba ile, wala asipeleke za nyumba hii.

Binti akatii. Ikawa akija anazungumzia watoto wake na majirani zake, basi. Mama Tanuri akimsikiliza huku anakanda unga, akingoja habari za nyumba ile, bila kuuliza.