Upande wa Pikipiki Nisiouosha

Mlinzi wa ofisini kwetu Miritini husafisha cheni ya pikipiki yake kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na harufu ya mafuta ya taa hupanda ngazi mpaka mezani pangu. Wenzangu hufunga madirisha. Mimi langu hulifungua zaidi, kwa kuwa harufu hiyo hunirudisha Likoni, nikiwa na miaka kumi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na moyo umejaa woga wa kumkosesha mama yangu pikipiki.

Yenyewe ilikuwa ya Ami Salim, ndugu yake marehemu baba. Alipokwenda Uarabuni kufanya kazi alimwachia mama, aitumie kwenda Mtongwe alikokuwa akifundisha watoto wa chekechea. Lakini aliiacha kwa sharti, tena alilitamka mbele ya wanaume wa steji ya bodaboda waliokuja kumuaga: "Shemeji, nikirudi nikaikuta imeliwa na kutu, naichukua, nawapa vijana hawa." Wanaume wakacheka. Mwanamke na pikipiki, tena ya kulala nje, karibu na bahari! Walishaihesabu kuwa yao.

Mlango wetu ulikuwa mwembamba, kwa hivyo ililala uani, ubavu wa kulia ukielekea ukutani. Mama aliiendesha kila siku, mvua jua, nami nilipakiwa nyuma nikashushwa shuleni kama binti wa waziri. Nikajipa kazi ya kuitunza. Kila siku baada ya alasiri niliteka ndoo mbili kisimani, nikaimwagia, nikaisugua kwa sabuni. Bi Rukia, jirani yetu, hakuacha kunitania: "Pikipiki hino yaoga kuliko wewe!" Nami nikavimba kichwa. Upande wa ukutani niliuruka kwa uvivu, nikijiambia hakuna atakayeuona.

Miezi michache baadaye cheni ikaanza kulia. Mwanzo ilikuwa sauti ndogo, kama ya kifaranga, kisha ikawa kelele ambayo watu wa steji waliisikia kabla hatujakunja kona. "Mwalimu, shemejiyo arudi lini?" walimwuliza mama wakichekelea. Cheni ikageuka nyekundu, nati zikaota kutu. Nami nikafanya nini? Nikaongeza ndoo ya tatu.

Kisha Ami Salim akapiga simu. Angefika katika mwezi wa Shaabani, wiki tano tu mbele. Usiku ule mama hakula.

Kesho yake ndala yangu iliteleza ikaingia baina ya ukuta na pikipiki. Nikajipenyeza kuitoa, na pale, pua yangu ikiwa karibu na bomba la moshi, nikaona jambo. Nati za upande ule zilikuwa na vumbi la miezi, lakini nilipolipangusa ziling'aa. Upande niliouonea uvivu ulikuwa mzima. Upande niliouhangaikia ndio ulioliwa. Nikazunguka, nikafanya jambo ambalo hata leo nalionea haya: nikapitisha kidole kwenye nati yenye kutu, nikakilamba. Chumvi.

Kisima chetu, msomaji wangu, kilikuwa cha maji ya chumvi, na hapakuwa na asiyejua. Sabuni haikutoa povu, maziwa yalikatika kwenye chai, na maji ya kunywa tuliyanunua kwa mitungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Nilijua yote hayo tangu nijue kusema, ila haikunipitikia hata siku moja kwamba maji tusiyoweza kuyanywa yangeweza kuila pikipiki.

Nilimwambia mama huku nalia, nikingojea bakora. Mama akaenda akalamba kidole na yeye, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi mtu mzima, nakuona kila siku na ndoo zako, nasema mashallah, mwanangu ana bidii!" Halafu akaacha kucheka. "Haya, nenda kalete mswaki mbovu."

Tuliisugua ile cheni kwa mafuta ya taa, kiungo kimoja kimoja, injini imezimwa, mimi nikizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Tuliipangusa ikakauka, tukatia oili tone baada ya tone, kisha tukafuta iliyozidi, maana oili ikibaki nje hukamata mchanga, na mchanga huisaga cheni. Kwingine kote kulipata kitambaa kilicholoweshwa kwa kikombe kimoja cha maji matamu ya mkokoteni. Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni. Kelele ikapungua, ikawa mnong'ono, na siku moja tulipita stejini bila mtu kugeuza shingo. Wallahi nilijihisi nimefunga bao.

Ami Salim alikuja na kanzu nyeupe, wanaume wa steji wakimfuata. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mama aliuweka ufunguo juu ya kiti, akasimama kando. Ami akachuchumaa, akazungusha gurudumu, akatega sikio. Kimya. Akapapasa cheni. Kisha akaona makovu kwenye nati za upande wa kushoto.

"Hizi zimefanya nini?"

Mama akafungua mdomo, nikamwahi. "Ni mimi, ami. Niliiosha kwa maji ya kisima. Nimeacha."

Wanaume wakaguna. Ami akanitazama kwa mara ya kwanza. "Pikipiki yangu ya kwanza niliitia kutu vivyo hivyo," akasema, "kisha nikamsingizia fundi." Akainuka, akauchukua ufunguo, akamkabidhi mama mbele yao wote. "Shemeji, shika pikipiki yako."

Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka Bi Rukia akatoka na mwiko mkononi akanisaidia. Nilidhani tumeishinda kutu, basi, na nilinuna kidogo kwamba sifa hazikuja zote kwangu.

Ilinichukua miaka kulielewa lile neno "yako". Tangu baba afariki, kila tulichokitumia kilikuwa cha mtu aliyetuachia kwa muda, na mama hakutoka bila kuulizwa anakwenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Mama alivaa buibui, akaiwasha, akaniambia nipande. Nikamwuliza twaenda wapi. "Popote," akasema. Tulipofika stejini alipunguza mwendo, akawapigia wanaume wale honi mara tatu, na barabara mbele yetu ilikuwa tupu.