Mtamba wa Kisima

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Nyashimo nimevaa viatu vya visigino, na Mratibu aliviangalia viatu kabla hajaniangalia mimi. Mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa haujaundwa bado. Asasi yetu ya kiraia ilikuwa na vyumba viwili, pikipiki moja na kabati lisilofungika. Mratibu, yaani msimamizi wa miradi yote, alikuwa mwalimu mstaafu, mkali, asiyependa maneno mengi.

"Binti, hapa hatugawi msaada," aliniambia. "Mfadhili yuko kule, mwananchi yuko huku, sisi tunawakutanisha. Sasa niambie, siku tukiondoka, nani atanunua kipuri?"

Nikaviangalia viatu vyangu.

"Basi nenda ukatafute jibu. Na hivyo viatu acha nyumbani."

Ninyi vijana mnaoandika maandiko ya miradi chini ya feni, neno "uendelevu" mmelijaza kila ukurasa mpaka limechuja. Kwetu sisi uendelevu ulikuwa hilo swali la kipuri, basi. Pesa ya mfadhili ilikuja kwa awamu, na awamu ya kuchimba kisima haikutoka mpaka kijiji kioneshe mchango wa jamii, yaani sehemu ya gharama wanayobeba wananchi wenyewe. Mchango huo ulitambuliwa ukiwa benki tu. Kazi yangu ya afisa uhamasishaji ilikuwa kuitisha mikutano, kusikiliza zaidi ya kusema, na kuhakikisha mchango unapatikana bila mjane kuuziwa kuku wake. Msicheke, hayo yalikuwa yanatokea.

Kutoka Nyashimo nikapelekwa Zagayu, kwenye kijiji cha pamba na mifugo. Huko kiangazi watu walichimba mashimo kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakateremka ndani na makopo kuchota maji yaliyojificha chini. Kiangazi kilichotangulia kufika kwangu, shimo moja liliporomoka likamfukia binti aitwaye Minza. Mama yake ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Kila tulipomwita Mama Minza tulilitaja jina la mtoto aliyelala kaburini, naye aliitika bila kutikisika. Mimi nilitikisika.

Kwenye mkutano wa kwanza niliongea habari za akaunti ya benki na mfuko wa matengenezo, nikawauliza siku tukiondoka nani atabaki na pampu. Watu walinisikiliza kwa adabu, ile adabu ya kumsubiri mgeni amalize. Kisha Mama Minza akasimama, akanishukuru kwa Kisukuma na kuniita mama.

"Wabeja, mayu. Umesema vizuri. Lakini sisi hela haikai. Ikifika msimu wa njaa, hata ya kanisa inakopwa. Sisi mali yetu inatembea kwa miguu minne. Kila ukoo utoe mtamba, tuwawekeshe."

Hilo halikuhitaji kufafanuliwa mbele ya Wasukuma, ila nawafafanulia ninyi wa mjini. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa, na kuwekesha ni hivi: mwenye ng'ombe wengi humpa mmoja mtu asiye na ng'ombe amtunze. Mtunzaji anakunywa maziwa na samadi anapeleka shambani, lakini uzao ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi kama ushahidi. Babu yangu mzaa mama aliinuka kwa ng'ombe wa kuwekeshwa. Safari hii mwenye ng'ombe angekuwa kisima. Pampu ikiharibika, kamati ingeuza dume mmoja wa uzao huo, mitamba wangeendelea kuzaa.

Nilirudi Nyashimo nikiwa na furaha kubwa, nikadhani nimelileta jibu. Mratibu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ng'ombe anakufa."

"Hata pesa inaisha, mwalimu."

"Usinijibu hivyo. Mkaguzi wa mfadhili akija nitamwonesha nini, kwato? Wauzwe wote mnadani, pesa iende benki. La sivyo kisima kinahamia kijiji kingine."

Nilikasirika, nakiri, na hasira yangu haikumbadilisha. Wala hakuwa mtu mbaya. Kanuni alikuwa ameikuta, na vijiji vingine vilikuwa vinaomba kisima hicho hicho. Nikaenda kumweleza Mama Minza. Alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, hakuacha kuigeuza.

"Tukiwauza wote, maji yatakuja," alisema. "Siku pampu ikifa, watoto watarudi mchangani. Mimi kule mchangani sirudi, mayu. Na mtoto wa mtu harudi nikiwa hai."

Ndipo wazee wa koo wakakubali kuongeza madume kutoka mazizi yao, wauzwe kwa ajili ya benki. Mitamba wakabaki kwa watunzaji. Nilipompelekea Mratibu risiti ya benki aliisoma, akaniuliza taratibu, "Na wale mitamba?" Nikamwambia wapo. "Hao mimi sijawaona," akasema, akagonga muhuri.

Kisima kikachimbwa. Maji ya kwanza Mama Minza hakuyanywa. Aliyapokea viganjani, akanawa uso, akaondoka zake.

Kisha ukaja ukame. Watunzaji wakawa wanaleta ngozi kwa kamati, mmoja baada ya mwingine, na Mama Minza anazipokea bila kumlaumu mtu. Nilikuwa napita pale moyo ukiwa umenishuka, maana mimi ndiye niliyewatetea wale ng'ombe. Mvua iliporudi alikuwa amebaki mtamba mmoja, mwekundu, mbavu nje.

Mradi ukafungwa, mfadhili akaenda nchi nyingine. Mimi nikahamishiwa Bariadi, nikawa Mratibu kwa zamu yangu. Huko nilishuhudia pampu za vijiji kadhaa zikinyamaza, kwa sababu mfuko ulimalizwa na makato ya benki, au waweka saini walihama na kitabu cha akaunti. Siku nilipopigiwa simu kwamba pampu ya kule Zagayu imekatika fimbo, kile chuma kinachovuta maji, nilikaa chini. Nikauliza, mtafanyaje?

"Tumeshafanya," Mama Minza alinijibu. "Tumeuza dume wa yule mwekundu. Fundi yuko hapa anakula ugali."

Nililia ofisini, mlango wazi, na wafanyakazi wakaniona. Haidhuru.

Nilipostaafu asasi ilinipa saa ya ukutani. Baada ya wiki chache, wageni wakabisha hodi kwangu Bariadi: Mama Minza, sasa anatembelea fimbo, wajumbe wawili wa kamati, na ng'ombe mwekundu mchanga mwenye mimba. Nikaanza kushukuru kwa zawadi. Akanikatiza.

"Nani kakupa zawadi? Huyu wa kisima. Tumekuwekesha. Maziwa yako, ndama wetu. Si wewe uliyekuwa unauliza mkiondoka nani atabaki? Haya, baki wewe."

Nikapokea kamba. Kazi nilizofanya ni nyingi na vyeo nilivipata, lakini hakuna uteuzi ulionipa hofu na heshima kama ule. Naamka kumkatia majani magoti yakiniuma, nanung'unika, na siachi.

Juzi amezaa. Nikampigia simu Mama Minza.

"Jike au dume?"

"Jike, mayu."

Kisha akasema, "Basi kisima kimepata binti."