Kioo Kilichoangalia Mawingu

Siku ya tatu, yaani Jumatano, tarehe 14 mwezi wa tatu 1956. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo jua lilipochungulia, kisha ikarudi manyunyu. Ziwa lilikuwa na rangi ya majivu, na rasi ya Ubwari ng'ambo haikuonekana kabisa.

Siku hiyo mama mukwe wangu alishuka kutoka Lubondja, mlimani, kuja kwetu Baraka kukata neno la gari: tununue jipya, au tununue lililokwisha kutumika. Pesa ilikuwa yake, ya mawese ya miaka mingi, na haikuwa pesa ya kununua mara mbili. Katika ukoo wa mke wangu ni mimi peke yangu niliyejua kuendesha, kwa sababu niliwahi kuwa shofere wa kompani ya pamba. Basi walisema, "Mukwe atatuambia." Mtu akikuambia hivyo amekuheshimu, lakini pia amekufunga kamba. Gari likifa njiani hawatasema gari limekufa. Watasema mukwe alikula mawese yetu.

Haja ya gari ilikuwa wazi. Michikichi aliyoacha marehemu baba mukwe iko juu mlimani, na mafuta yake yalishuka mpaka soko la Baraka juu ya vichwa vya wanawake, debe kwa debe. Shingo ya mama mukwe mwenyewe ilikuwa imeanza kukataa. Akitaka kugeuza kichwa, alilazimika kugeuza na mabega.

Kamioneti mpya, gari dogo la mizigo, ilikuwa mjini Usumbura, ndani ya nyumba ya vioo, rangi ya majani mabichi. Nilikwenda kuiona. Ile ya zamani ilikuwa ya mwenye duka mmoja wa hapa, Mwislamu wa pwani ya ziwa, na kila mtu aliyemjua yeye alilijua na gari lake. Lilikuwa limekwenda Lulimba na kurudi mara nyingi, hata watoto waliweza kuiga sauti yake. Nyuma lilikuwa na mbao tupu bila turubai, na kioo cha nyuma ya kichwa cha shofere kilivunjika zamani, pakabaki tundu.

Nataka kuyatendea haki yote mawili. Jipya halikuwa na ugonjwa wa mtu mwingine ndani yake, na huo si wema mdogo. Lakini likivunjika, kipuri kingetoka Usumbura, na huenda mvua imekwisha kubeba daraja. La zamani lilikuwa limevunjika kila mahali panapoweza kuvunjika, na fundi wa hapa alipajua kila mahali. Lakini lilikunywa esansi, yaani petroli, kama mlevi, na mwenyewe hakuficha. Aliniambia, "Inakunywa, shofere. Na asubuhi inataka kubembelezwa. Nakwambia leo, kesho usije kunidai mbele ya Mungu."

Hizo ndizo sababu nilizowaeleza watu. Sababu ambayo sikuwaeleza ilikuwa kiwiko changu. Kule Usumbura waliniruhusu kuketi ndani ya ile mpya. Niliweka kiwiko dirishani, nikaona kimepata kwao. Tangu hapo nilisema mpya, mpya, na maelezo mengine niliyatafuta nikiwa njiani kurudi.

Sasa, kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na neno haliendi moja kwa moja kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Linapita kwa mtu wa katikati. Ndiyo bukwe. Miaka yote ya ndoa yangu nilijua sauti yake na mwendo wake, lakini ungeniuliza sura yake ningebahatisha. Alipofika asubuhi ile aliketi nyuma ya nyumba, mimi nikaketi mbele, mke wangu akasimama mlangoni.

"Ambia uyu mutu," mama mukwe akasema, "mi siwezi kununua gari kwa kusikia. Hata mbuzi tunaishika mugongo."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Hapana, ngoja nikuambie." Akaniambia yote tena, mpaka na mgongo wa mbuzi, kwa sababu ndiyo njia.

"Mwambie mama ile ya Usumbura iko mbali, lakini ni mupya kabisa," nikasema.

"Ambia uyu mutu mi pia nilikuwaka mupya. Apande ile ya hapa, tutie madebe ya maji, twende mu mulima. Tuone."

Tulikwenda dukani. Shemeki, kaka wa mke wangu, alipakia madebe. Mama mukwe akapanda nyuma pamoja na binti yake, wakaketi kati ya maji. Mimi na shemeki tukaingia mbele. Kushoto kwangu, kwenye mkono wa chuma, kulikuwa na kioo cha kutazama nyuma, na mara tu nilipoketi niliona ndani yake kitambaa cha kichwa cha mama mukwe na nusu ya shavu lake. Nilishtuka kama mtu aliyefungua mlango wa watu bila kubisha. Nikakisukuma kioo, kikaangalia juu.

Mwenye duka aliona. "Shofere, unamtafuta Mungu huko?"

"Namwachia mama nafasi yake," nikajibu.

Watu waliojikinga manyunyu barazani wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema, "Uyu anajua bukwe." Nilisikia vizuri sana. Niliwasha motere nikiwa nimefurahi.

Tulipanda njia ya Fizi. Gari lilinguruma lakini lilipanda, nami nililiendesha polepole juu ya utelezi, nikitumaini kidogo, nakiri, kwamba lingeshindwa. Halikushindwa. Na kupitia lile tundu nyuma ya kichwa changu, sauti ya mama mukwe ilikuja kama ameketi begani pangu.

"Anaendesha sawa mutu amebeba mayai."

"Mama, atasikia."

"Asikie nini? Mi niko nasema na mutoto wangu." Madebe yakagongana. "Iyi gari inapanda. Sijui anaililia nini ile ya Usumbura. Anataka batu baseme: angalieni, bwana mukubwa anapita. Ona ule mukono inje ya dirisha. Na mvua yote iyi!"

Niliurudisha mkono ndani. Ulikuwa umelowa mpaka begani na sikuwa nimejua. Shemeki aliinama akatazama miguu yake, nikaona mabega yake yanatikisika. Kama angenitukana kwa jambo la uongo ningekasirika, na hasira ingenisaidia.

Mahali njia inapopanuka kidogo, juu, nilitaka kugeuza. Lazima kurudi nyuma. Shemeki alishuka kuniongoza. Kulikuwa na wanawake wanatoka shambani na mihogo vichwani, wakamsalimu, naye akawajibu huku akinipungia mkono: "Njoo! Njoo! Njoo!" Simlaumu. Aliyeshika usukani nilikuwa mimi, na kioo kilikuwa pale pale, mkono ungekifikia. Nilikitazama. Nikaona mawingu. Nikaendelea kurudi.

Gurudumu la nyuma likaingia mtaroni. Nilisikia ubao wa nyuma unavunjika, kisha madebe yanateremka, kisha mke wangu analia "Mama!" Na baada ya hapo sauti ambayo haikupita kwa mtu yeyote:

"We mukwe! Uko na macho ao hauna?"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu nioe.

Niliruka chini nikakimbia, na karibu na gurudumu nikasimama. Alikuwa ameketi ndani ya mtaro, maji ya madebe yamemwagika juu yake, kitambaa kimetoka, nywele nyeupe zote nje. Nikageuka haraka. Siwezi kumshika. Siwezi kumtazama. Mimi niliyemwangusha mama wa watu sikuwa na ruhusa ya kumpa hata kidole. Nilisimama nikaangalia shamba la mihogo ng'ambo ya njia, majani yanadondosha maji, na nyuma yangu nikasikia matope yanavyomvuta na wanawake wanavyomvuta.

"Na uyu mwanaume anaangalia nini kule?" mmoja akauliza.

"Iko mukwe," mke wangu akajibu.

"Aaa. Basi aendelee kuangalia."

Wakacheka. Mama mukwe hakucheka. Alisema nyonga iko sawa, mguu uko sawa, ni nguo tu. Nimebeba aibu nyingine maishani, lakini hakuna nyingine ambayo bado naijua kwa umbo la majani yale ya mihogo.

Wanawake waliweka mihogo yao chini wakasukuma pamoja na shemeki. Nilikanyaga esansi, na lile gari la zamani likatikisika, likatema matope, likatoka. Tulishuka mpaka Baraka. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Mwenye duka alipapasa ubao uliovunjika. Angeweza kupandisha bei, au kupiga kelele. Akasema tu, "Ubao ni ubao, bibi yangu. Seremala yuko pale. Msinunue kwa haya, wala msiache kwa haya."

Mama mukwe alisimama akiwa ametugeuzia mgongo, matope yanamkaukia. "Ambia uyu mutu aeleze ile kioo. Sababu ya nini iliangalia mbinguni?"

Mke wangu alieleza badala yangu: ni kwa bukwe, asimwone mama.

Mama mukwe akasema, "Heshima gani ile ya kunimwaga mu matope sawa maji ya kuoshea vyungu? Anaheshimu batu ya baraza. Mi nilikuwa nyuma."

Hakuna aliyetikisa kichwa barazani.

"Tunakamata iyi," akaendelea. "Si sababu ya ubao. Iyi niliona inaanguka na inasimama. Ile ya Usumbura sijaona ikianguka. Na kioo irudi mahali yake. Mi nitakaa naangalia kule tunatoka. Ataona mugongo. Mugongo haina bukwe."

Hivyo gari lilichaguliwa, na si mimi niliyelichagua. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa sawa. Kwa haki, ile mpya haikutenda kosa lolote, haikuwepo. Na kwa kioo kile kile kilichogeuzwa ningeiangusha na ile mpya pia, katika mtaro ule ule. Kwa haki tena, la zamani lilitubebea mawese, na asubuhi nyingi lilitusimamisha tunalibembeleza. Alilosema kuhusu watu wa baraza, hilo nimelipima upande huu na upande huu nikitafuta mahali alipokosea. Nilikuwa na hofu ya kweli nilipoona shavu lake. Lakini furaha niliyoipata waliponisifu ilikuwa ya kweli pia, na hiyo ndiyo iliyozuia mkono wangu kukigusa kioo kule juu.

Kwetu, mukwe akimwona mama mukwe alivyo hivyo, kichwa wazi na mwili chini, anatoa kuku wa kumwosha macho, wa kufuta aibu ile. Nilimtoa jogoo wetu. Shemeki alimpeleka kwa jirani, mjane wa rika la mama mukwe, ambako yeye hulala na kula akishuka Baraka, kwa kuwa kwangu haruhusiwi kula.

Jioni mvua ilikatika. Kwetu kulikuwa na bugali na sombe, majani ya muhogo, iliyotiwa mawese aliyokuja nayo mama mukwe, na samaki wadogo wa ndagala. Harufu ya jogoo ilivuka ua ikatufikia, na watoto wakaacha kutafuna wakanusa. Kisha mke wangu akarudi kutoka kule na kitu ndani ya jani la mgomba, akakiweka mbele yangu. Ilikuwa firigisi.

"Mama amesema nini?" nikauliza.

"Hajasema kitu. Amesema tu nilete."

Firigisi kwetu wanawake hawaili. Kwa hiyo sijui kama ulikuwa msamaha, au ilikuwa tu nyama isiyo na mlaji kule. Niliikata vipande, nikawapa watoto, kimoja nikakila mwenyewe pamoja na bugali, nikiutazama ukuta wa upande aliko yeye.