Nyasi za Kuangalia

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Lodwar. Mlangoni, karani alikuwa akimwagilia nyasi za mapambo kwa maji ya chupa. Zilikuwa fupi, zimejaa chungu, duara kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Alizitoa Limuru, kwenye baridi.

Mzee wa Lorugum, aliyepitia hapo akipeleka mbuzi mmoja sokoni, akazizunguka polepole, kisha akamsalimu karani kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Hii nyasi ni ya mbuzi ya nani?"

"Si ya mbuzi, mzee. Ni ya kuangalia tu."

Mzee akafikiri, akalegeza kamba ya mbuzi wake. "Basi na yeye aangalie kidogo."

Karani alipomaliza kupiga kelele, chungu kilikuwa na udongo mtupu. Foleni nzima ikabaki kumsifu mbuzi kwa unono. Ukitaka kuangalia nyasi Lodwar, angalia tumbo la mbuzi.